Nisasishe Nini?

Mama alinipigia simu saa mbili usiku, muda ambao kwa kawaida ameshaketi mbele ya taarifa ya habari na hataki kusumbuliwa na mtu. Nikajua kuna jambo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Hii simu uliyoniletea inaniambia nisasishe. Tangu asubuhi. Nisasishe nini?"

Nikacheka, kisha nikaacha kucheka, maana neno lile ni la watu wa kazi yangu. Mimi ni mfasiri. Kwa miaka kadhaa sasa nakaa chumbani kwangu Dar es Salaam na kuweka Kiswahili kwenye programu za simu: vitufe, arifa, na yale masharti marefu ambayo kila mtu huyakubali bila kuyasoma. "Sasisha" nimeliandika mara nyingi hadi vidole vinaliandika vyenyewe. Halikuwa langu lile la kwenye simu yake, lakini lingeweza kuwa langu.

Nikamweleza. Kuna sasa, ukikifanya kitu kiwe cha sasa, umekisasisha. Programu za simu huzeeka, zinataka kuletwa kwenye wakati wake.

Akanyamaza kidogo. "Aaa. Mimi nilisoma sisitiza. Nikawa najiuliza, nisisitize nini, na nani kakataa?"

Lile jibu lilinikaa siku nyingi. Kwa jicho la fundi wa lugha, sasisha ni kazi safi. Halina kiraka cha kigeni. Limetengenezwa kwa njia ileile inayotupa sahihisha kutoka kwenye sahihi, hakikisha kutoka kwenye hakika, rahisisha kutoka kwenye rahisi. Ukielezwa mara moja hulisahau. Na bado mwanamke aliyezaliwa Tanga, ambaye humsahihisha mtangazaji wa redio kwa sauti kana kwamba anamsikia, alilitazama kutwa nzima akaliona ni kosa la uchapaji la neno jingine.

Kumbe kuna maneno mengine kwenye simu hiyohiyo ambayo hajawahi kuniuliza. Pakua, kwa mfano.

Marehemu baba alikuwa kuli bandarini Tanga. Miaka ile meli kubwa hazikuweza kufunga gatini pale. Zilitia nanga mbali kidogo, na shehena ikapelekwa na kuletwa kwa matishari. Marobota ya mkonge yanapakiwa, mbolea na vyuma vinapakuliwa. Baba akirudi jioni alihesabu siku yake kwa vitenzi hivyo viwili: leo tumepakia, leo tumepakua. Na ndani, Mama akisikia mlango tu, anasema, "Pakua chakula, baba yako kaja." Kwa hiyo nimekua na pakua mbili, ya gatini na ya jikoni, na sikuwahi kukaa chini nikawaza kwamba ni neno moja, mpaka nilipokutana na ya tatu kwenye skrini. Kitu kiko mahali pakubwa, unakiteremsha kije kwako. Robota kutoka ngamani, wali kutoka sufuriani, wimbo kutoka mtandaoni. Hakuna aliyehitaji kueleweshwa. Yule aliyelichagua, awe nani, hakuunda neno. Alilihamisha tu kazi.

Na ukitaka kuona kwamba lugha hii ilikulia ufukweni, chungulia simu yako mwenyewe. Kivinjari kinatokana na kuvinjari, yaani kwenda huku na huko majini kama chombo kinachozunguka kulinda au kutafuta. Kuunda ni kazi ya mafundi wa majahazi kabla haijawa kazi ya mafundi wa programu. Mtandao unatanda kama utando wa buibui, kama wavu. Na kuna kichekesho ninachokipenda hapa: Apple walipotoa kivinjari chao Januari 2003 walikiita Safari. Sisi tuko kwenye semina tunatafuta jina la kivinjari, wao wamechukua neno lililotoka kwetu na kulibandika kwenye dira. Tusilalamike sana lakini, maana safari nasi tulilichukua kwa Waarabu.

Hata simu yenyewe. Simu ni neno la Kiajemi, maana yake waya. Likaja na waya za telegrafu, likahamia kwenye ile mashine nyeusi ya mezani iliyofungwa kwa waya, na sasa waya umekatika kabisa na jina limebaki. Halafu ile kadi ndogo inayoingizwa ndani ya simu isiyo na waya tumeiita laini. Waya tumeutoa, tukaurudisha kwa mlango wa nyuma. Na simu bado tunaipiga, kama tunavyopiga pasi, picha na mswaki, tukimaliza tunaikata.

Nilianza kuamini kwamba siri ni hiyo: chukua neno lenye kazi yake bandarini au jikoni, lipe kazi ya pili. Nadharia nzuri. Nikaishi nayo miezi mingi, nikamtambia nayo mwenzangu wa Mombasa ambaye naye ni mfasiri. Akaniuliza swali moja tu: "Na kishikwambi je?"

Nadharia ikazama.

Maana kishikwambi, jina la tableti, halina bandari wala jiko. Ni neno ambalo ukilisikia mara ya kwanza unaweza kudhani ni mdudu. "Shika" unaisikia, kilichobaki hakikusaidii kitu. Lilipoanza kuandikwa magazetini watu walilicheka, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Halafu ikaja Sensa ya Agosti 23, 2022. Makarani nchi nzima wakapewa mafunzo, na kila mmoja akakabidhiwa kishikwambi. Mpwa wangu alikuwa mmoja wao. Siku ya kwanza ya mafunzo alirudi nyumbani akilitamka kama aliyezaliwa nalo: kishikwambi changu kina chaji, kishikwambi chako kimegoma, usiweke chai karibu na kishikwambi. Hakukuwa na mzaha, kwa sababu kilikuwa na namba yake, kimeandikwa kwa jina lake, na kikipotea atakilipa. Tukahesabiwa 61,741,120. Baadaye vishikwambi vilevile vikagawiwa walimu, na neno likaenda nao hadi vijijini. Leo ukiniuliza jina jingine la kifaa kile itabidi nifikiri.

Mwenzangu alikuwa na mfano mwingine, wa zamani zaidi, na huu nao niliuishi. Usiku wa Desemba 31, 2012 mitambo ya televisheni ya analojia ilizimwa Dar es Salaam. Wiki zile hapakuwa na mazungumzo mengine. Kwenye daladala, kwenye foleni ya benki, kwa fundi cherehani: king'amuzi shilingi ngapi? King'amuzi gani kina chaneli za bure? King'amuzi chako kinakwama mvua ikinyesha? Kung'amua ni kutambua jambo lililofichika, na kweli kisanduku kile kazi yake ni kutambua mawimbi na kuyageuza picha, kwa hiyo neno lilikuwa zuri pia. Lakini sikumbuki mtu yeyote akisifu uzuri wake. Tuliogopa kukosa mpira. Neno lilikuja mkononi pamoja na kitu, siku ileile, na bei yake. (Analojia nalo halikufa, likawa tusi. Mwambie mtu leo kwamba yeye ni analojia uone.)

Sasa liweke pembeni yake nukushi. Ukipata barua ya ofisi ya serikali ya miaka ile, juu kabisa utaona: Simu, Nukushi, Barua pepe, Tovuti. Nukushi ilikuwa mashine ya faksi. Neno lenye asili nzuri, limetoka kwenye nukuu, limepimwa, limepitishwa, likakaa kwenye vichwa vya barua kwa heshima zote. Tatizo ni kwamba aliyekuwa na mashine ile alisema faksi, na ambaye hakuwa nayo hakuwa na haja ya kuitaja. Mashine zikafa. Neno likabaki kwenye karatasi likiwa na namba isiyopokelewa na mtu.

Tarakilishi ni huzuni ya aina nyingine. Nasema huzuni kwa sababu ni kazi ya akili kweli: tarakimu na akili vimeshonwa pamoja vikatoa mashine inayofikiri kwa namba. Wakenya wamelitunza vizuri kuliko sisi. Mwenzangu anasema wanafunzi huliandika kwenye insha kwa sababu mwalimu anataka, halafu wakitoka nje wanakwenda maabara ya kompyuta. Kompyuta lilikuwa limeshafika, limeshakaa, limeshazaa: chumba cha kompyuta, mtaalamu wa kompyuta, duka la kompyuta. Ngamizi, jina jingine la kompyuta, nalo lilijaribu, likarudi. Rununu limepata bahati zaidi huko Kenya, angalau magazetini. Huku kwetu ukisema rununu watu wanadhani unaumwa. Sisi tuna simu ya mkononi, au ya kiganjani, na tukiwa hatuna haraka, simu janja.

Simo katika kundi la wanaolicheka Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA. Ni mchezo rahisi na wa kivivu: mtu anaandika kwa Kiswahili chenye maneno ambayo nusu yake yalipita mikononi mwa kamati, huku akizicheka kamati. Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 iliyohudumia Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, BAKITA tangu 1967, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni watu waliokaa na orodha za dhana zisizo na jina wakati ambapo hakuna mwingine aliyetaka kazi hiyo. Walikwenda hata kwenye lugha nyingine za nchi. Ikulu limetoka Unyamwezini, ngeli limetoka kwa Wahaya, na nani leo analiona neno ikulu kuwa geni? TEHAMA nalo lilizaliwa kwa kukata vichwa vya maneno, Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, kama UKIMWI kabla yake. Wakenya wakakata kwingine wakapata TEKNOHAMA. Yote mawili yanatamkika bila kuuma ulimi, na si haba.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Fikiria kazi ile. Kila kitufe, kila menyu, kila ujumbe wa kosa. Sisi tunaofasiri leo tunatembea kwenye njia waliyofyeka wao. Lakini makatibu muhtasi na makarani wa maofisini walikuwa wameshasoma kozi za kompyuta, na kozi zilifundisha vitufe kwa Kiingereza. Mtu aliyezoea hajui tena kitufe kimeandikwa nini. Anajua kilipo, kama unavyojua swichi ya taa gizani. Ukimbadilishia maandishi unamhamishia swichi.

Kwa hiyo neno likichelewa halipati kiti. Hapo ndipo nilipofika, na hapo ndipo nilipoanza kwenda kukaa kwa wakala.

Jirani yangu ni dada mmoja mwenye kibanda cha wakala wa pesa za simu. Nilianza kwa kwenda kutoa hela, nikawa nakaa kwenye benchi kusubiri salio lake liongezeke, mwishowe nikawa nakuja na daftari. Naomba niseme wazi: pale kuna baraza la lugha linalokutana kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tatu usiku, bila posho.

Chukua "ya kutolea". Unaomba elfu ishirini kwa kaka yako, unamalizia: "Tuma na ya kutolea." Yaani ongeza na ile pesa nitakayokatwa nikienda kuitoa. Maneno mawili, moja ni kiunganishi tu, na ndani yake kuna mfumo mzima wa makato ya kampuni pamoja na adabu ya kifamilia, maana mtu akikutumia bila ya kutolea amekupa nusu zawadi. Ningepewa mimi dhana hiyo nifasiri, ningeandika kitu chenye "ada" na "miamala" ndani yake, kirefu kama treni.

Muamala wenyewe una historia yake. Ni neno la Kiarabu, lilikuwa neno la madrasa na la watu wazima, mahusiano na mapatano baina ya watu. Leo kijana wa bodaboda anasimama dirishani anauliza, "Muamala umesoma?" Umesoma! Muamala unasoma, kama mita ya maji inavyosoma. Julai 2021 tozo za miamala ya simu zilipoanza, tozo nalo, ambalo lilikuwa likilala kwenye nyaraka za halmashauri, likaamka na kuwa neno la kila mdomo. Halikutiwa chumvi na mtu. Lilikatwa kwenye hela za watu, wakalijua.

Halafu bando. Matangazo husema kifurushi, na kifurushi ni neno zuri, dogo, la kufungwa kwa kamba. Benchini wanasema bando. Ila sikiliza wanalisemaje: bando limeisha, bando langu, bando lote nimemaliza kwenye video. Li-. Nani aliamua kwamba bando liingie ngeli moja na jicho na jembe? Data haikuingia huko, data imeisha. Vocha imeisha. Hakuna waraka uliotolewa. Watu mamilioni walifika kwenye upatanisho uleule bila kuulizana, na mtoto wa miaka sita akikosea anachekwa.

Na majina ya simu zenyewe! Nokia 1100, ile ya mwaka 2003 iliyokuwa na tochi kichwani, kampuni iliipa namba. Watu wakaipa jina. Kenya wakaiita mulika mwizi, kwa sababu umeme ukikatika na ukisikia kishindo uani, ndiyo kazi yake ya kwanza. Huku kwetu simu za namna ile ni kitochi. Ukiziangalia kwa makini, mulika mwizi ni sentensi kamili, ni amri, ina hofu na ucheshi. Kitochi lina ki- ya udogo, ile inayokuwezesha kudharau kitu na kukipenda kwa pumzi moja. "Nipigie kwenye kitochi" maana yake simu yangu kubwa haina chaji, au nimejificha kwa wadai.

Kampuni nazo zimeng'amua. Siku hizi majina ya huduma zao yanatungwa na watu wenye masikio. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007 iliweka neno letu la kawaida kabisa nyuma ya herufi moja. Safaricom wakaja na Sambaza ya kugawiana muda wa maongezi, wakaja na Okoa Jahazi ya kukopeshwa muda huo pale unapokwama. Okoa Jahazi! Jahazi linazama, salio sifuri, mtu anaita msaada. Vodacom kwetu wakasema Nipige Tafu. Mwaka 2012 ikaja M-Shwari ya akiba na mikopo, bahari imetulia, na Januari 2019 ikaja Fuliza, inayokuruhusu kulipa hata salio likiwa limepungua. Kufuliza ni kufanya jambo mfululizo bila kupumzika. Mwenzangu wa Mombasa anasema kwao neno limeshahama nyumba: mtu "ana fuliza" kama anavyokuwa na deni dukani, na ukimwambia afulize mwendo atakutazama. Ni neno la pwani lililookolewa kutoka kwenye kamusi likauzwa kama mkopo. Sijui nifurahi au ninune. Siku nyingine nanuna.

Kuna upande mmoja wa kazi hii ambao msomaji haoni, nao ni ngeli. Watengeneza programu huandika sentensi yenye tundu katikati: kitu fulani kimefutwa, na mashine itajaza jina la kitu baadaye. Kwa lugha zao haina shida. Kwangu mimi, kama ni picha, imefutwa. Kama ni ujumbe, umefutwa. Kama ni kiungo, kimefutwa. Kama ni jina, limefutwa. Mashine haijui, na wanaoijenga hawaelewi kwa nini nauliza. Niliwahi kuandikiana nao wiki nzima kuhusu herufi moja. Mwishowe nikajifunza kukwepa: badala ya kusema kitu kimefutwa, nasema "Tumefuta:" halafu nukta mbili, halafu chochote kinachokuja. Mzigo unahama kutoka kwa kitu kwenda kwa mtendaji, na ngeli zote zinapita mlango mmoja. Ni ushindi mdogo sana lakini nilikunywa soda siku hiyo. Mahali pengine Kiswahili hunilipa fidia: wenzangu wa Kifaransa wanahangaika kama mtumiaji ni mke au mume, mimi naandika "amejiunga" naenda kulala.

Nami nimewahi kuharibu. Mwanzoni kabisa, kabla sijajua kuuliza, nilikutana na yale mafaili madogo ambayo tovuti huyaacha kwenye simu yako ili ikukumbuke ukirudi. Kwa Kiingereza yana jina la kitafunwa. Nilikuwa na haraka, nikaandika: "Tovuti hii inatumia biskuti ili kukuhudumia vizuri zaidi." Ikapita, ikachapishwa. Siku ya tatu msomaji mmoja akaandika kwenye sanduku la maoni: "Za nazi zipo?" Nilitamani ardhi inimeze. Sasa tunaandika vidakuzi, na kila nikiliona neno hilo nawaona wadaku wamejipanga nyuma yake na vijidaftari vyao, jambo ambalo kwa vitu vile si uongo hata kidogo.

Mwezi uliopita nilipewa kazi ambayo imenirudisha kwenye yote haya. Programu inayojibu maswali, inayoandika barua, inayochora. Mteja anataka jina moja la kitu chenyewe, na litumike kila mahali. Yako matatu mezani. Akili bandia, lililotangulia, linaeleweka papo hapo, lakini bandia kwetu ni sigara bandia, dawa bandia, vyeti bandia. Kitu cha kukamatwa na polisi. Akili mnemba, ambalo vyombo vingi vya habari vimeshalishika; mjomba wangu wa Unguja aliposikia aliuliza kama akili hiyo inatoka kile kisiwa kilicho mbele ya Matemwe, na kama watalii wameshaifikia. Na akili unde, kutoka kuunda. Mimi, mtoto wa kuli, moyo wangu uko kwa unde. Nasikia shoka na msumeno wa mafundi wa majahazi ndani yake, akili iliyochongwa ubao kwa ubao na watu wenye majina.

Nikalipeleka benchini. Nilimwonyesha dada wa kibanda yale matatu kwenye daftari. Alikuwa anahesabu noti, hakusimama.

"Hii si ndiyo ei-ai?"

"Ndiyo. Lakini kwa Kiswahili?"

"Ei-ai ni Kiswahili," akasema, akafunga noti kwa mpira. Kijana aliyekuwa anasubiri kutoa hela akaongeza kwamba yeye ndiyo anayoitumia kuandikia barua za kuomba kazi, na kwamba imemsaidia kuliko ndugu zake.

Nimewatumia wateja akili unde, pamoja na maelezo ya nusu ukurasa. Hawajajibu. Naona kabisa kwamba huenda nimechelewa kama tarakilishi, au huenda kitakuja kifaa, au sensa, au tarehe ya mwisho ya jambo fulani, na moja kati ya matatu haya likapanda nacho. Sina namna ya kulisukuma.

Wikiendi nikaenda Tanga. Nilifika usiku, njaa imenikaba, nikafunua sufuria jikoni nikakuta kiporo cha wali na maharage ya nazi. Nikachukua kijiko. Mama akaninyang'anya sufuria mkononi.

"Wee, ngoja. Hicho cha jana. Nikisasishe kwanza."

Nikamtazama kuona kama ananitania. Hakuwa ananitania. Aliwasha jiko, akanyunyiza maji kidogo, akafunika.

"Mama, umesemaje?"

"Si ulinieleza mwenyewe? Kitu cha zamani ukifanye cha sasa." Akapunguza moto. "Lete sahani, nikupakulie."

Nimeliandika kwenye daftari, pamoja na tarehe. Bado sijaamua nalipeleka kwa nani.